Salamu za Langoni

Madereva wa Malindi walimwogopa daktari wetu kuliko walivyomwogopa askari wa barabarani. Askari ana maneno yake na dereva mzoefu ana yake, hukutana njiani wakaelewana. Kwa daktari hapakuwa na maelewano. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mfupi, asili yake visiwa vya kaskazini, na kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikumsikia hata siku moja akimpandishia mtu sauti. Alitibu homa na kushona vidonda kama daktari yeyote. Lakini kazi iliyomtia jina ilikuwa ile ya kuwapima madereva wa mabasi na malori kila mwaka, na kutia sahihi cheti cha kusema kwamba huyu afya yake inafaa kubeba watu. Bila sahihi hiyo, leseni haifanywi upya. Mimi nilikuwa karani wake. Vyeti niliandika mimi, muhuri niligonga mimi, na matusi nayo niliyapokea mimi, maana meza yangu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango.

Ilikuwa miaka ya themanini, kabla ya daraja la Kilifi. Basi la Mombasa likifika pale abiria wote walishuka, wakateremka kwa miguu kwenda kwenye feri, kina mama na vikapu vyao, wazee na fimbo zao, na basi likateremka nyuma yao, njia hiyo hiyo moja. Dereva kazi yake ilikuwa kulishusha gari zito polepole katikati ya migongo ya watu. Kila dereva aliyelalamika kwamba daktari anamchelewesha, daktari alimuuliza jambo moja tu: "Pale feri washuka na gia ya ngapi, bwana?" Kisha akaendelea kumpima.

Hila zao alizijua zote. Karatasi ya herufi za kupimia macho ilikuwa imetundikwa ukutani tangu sijaajiriwa, na madereva walikuwa wameihifadhi. Hawa ni watu waliolelewa chuo cha Kurani, waliokaa kwenye mkeka utotoni wakahifadhi sura nzima nzima kwa moyo. Vijisafu saba vya herufi vingewashinda? Kwenye mkahawa wa karibu na steji walifundishana kabisa, mmoja anatoa, mwingine anapokea. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la pamba asiyejua kusoma hata jina lake, lakini karatasi ile aliisoma kutoka juu hadi chini bila kukwama. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Maashallah. Sasa njoo uniguse ile herufi ya tatu." Jamaa akaenda akagusa msumari.

Mwingine alikuwa na kisukari, akaleta chupa ya mkojo wa rafiki yake. Daktari aliishika ile chupa tu, akamtazama kwa huruma. "Mkojo wako baridi hivi, ndugu yangu, wewe u hai kweli?" Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Yeye hakucheka. Alimkalisha yule bwana nusu saa nzima akamweleza kisukari ni nini na ale nini, na yule bwana akaondoka bila cheti, lakini akawa anarudi kila mwezi kutibiwa kama mtu aliyealikwa.

Na wenye magari walikuja pia. Alikuja mmoja, tajiri wa mabasi mawili, na kikapu cha embe na samaki mzima wa kupasua, kumwombea dereva wake mwenye kifafa. Daktari alimshukuru sana, akampokea vizuri, akaagiza kahawa. Kahawa ilipokwisha akamuuliza, "Mamako yu hai?" Tajiri akasema yuko, Alhamdulillahi. "Basi mpandishe gari hilo, kiti cha mbele, aende Mombasa na dereva huyo arudi. Akisharudi nitatia sahihi." Tajiri alibeba kikapu chake akaenda zake. Samaki yule nilimsikitikia, sitasema uongo.

Nilimpenda mtu huyu. Nasema hivi mapema ili nitakayosimulia yaeleweke. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sipendi kungoja, sipendi watu wanaojizungushazungusha, na yeye peke yake ndiye niliyeweza kumtazama akifanya kazi asubuhi nzima bila kuchoka.

Siri yake kubwa nilichukua miaka miwili kuigundua. Siku ya madereva ilikuwa Ijumaa, kwa sababu wengi walikuwa na desturi ya kushinda mjini siku hiyo kwa ajili ya sala. Walikaa barazani kwenye benchi refu tangu saa moja na nusu wakimngoja. Daktari alikuwa na gari, lakini kila Ijumaa aliliacha ng'ambo ya barabara, ingawa ndani ya ua palikuwa na nafasi tele na kivuli. Aliingia langoni kwa miguu, amevaa kanzu nyeupe na kofia, akatembea taratibu mpaka barazani bila kufungua kinywa. Ni hatua thelathini na mbili. Nilizihesabu baadaye. Nilidhani ananyoosha miguu.

Siku moja nikamuuliza mbona anajitesa na jua. Akaniambia, "Naangalia salamu zinapotokea."

Kwetu mdogo humwamkia mkubwa, na mwenye adabu hangoji afikiwe. Akimuona tu mkubwa anakuja, hunyanyuka. Basi daktari alitazama kila mtu kwenye benchi anainuka lini. Mwenye macho mazima aliinuka yeye angali langoni. Mwenye macho ya wasiwasi aliinuka akifika katikati ya ua, kwa kuona wenzake wameinuka. Na yule aliyekaa kimya mpaka daktari anakanyaga kidato cha baraza, akashtuka ndipo akasema shikamoo, huyo ama hana adabu ama hana macho. "Na wasio na adabu hapa mjini ni wachache," akasema. Hakumnyima mtu cheti kwa sababu ya salamu. Alijua tu nani wa kumtazama mara mbili. Karatasi ya ukutani waliweza kuihifadhi, lakini adabu ilikuwa imewaingia tangu utotoni na hakuna aliyefikiri kuificha.

"Hili usimwambie mtu," akaniambia. Nikasema sitamwambia mtu.

Kaka yangu alikuwa dereva. Aliendesha basi la abiria kutoka Mambrui, likavuka Sabaki, likapita Malindi likaenda mpaka Mombasa, na alikuwa ameliendesha muda mrefu hata watu wakaliita basi la fulani, kwa jina lake, ingawa mwenyewe hakumiliki hata tairi moja. Baba yetu alifariki mimi nina miaka saba. Kaka alikuwa utingo wa malori wakati huo, na ndiye aliyenilea. Walimcheka kwa kumsomesha msichana, akawaambia wacheke wakishiba. Kazi yangu ya ukarani, kalamu yangu, kiti changu, vyote vilitoka kwenye mgongo wake. Hakuwahi kuua hata kuku barabarani, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Yeye alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoanza kumwaga chai nje ya kikombe. Nilikuwepo, nikaona. Akaanza kulaumu taa za magari ya watu, ati siku hizi wamezidisha mwanga. Akaanza kukataa safari za jioni. Akamtukana mke wake kwa kuacha kigoda njiani, na kigoda kilikuwa pale pale kinapokaa siku zote. Mimi, niliyekaa miaka minane kwenye mlango wa chumba cha kupimia macho, niliyaona haya yote nikajiambia ni uchovu.

Mwaka ule cheti chake kilipokaribia kwisha, alikuja kwangu baada ya magharibi. Alikula, akanawa. Kisha akasema bila kunitazama, "Zile herufi za ukutani wazijua?"

"Nazijua."

"Nisomee."

Sikumuuliza kwa nini. Nilimsomea mara mbili, na mara ya tatu alinisomea yeye, bila kosa, sauti ile ile ya chuoni, akijitikisa kidogo kwa mbele na nyuma. Niliona aibu ya ajabu, kama ninayemtazama mzazi anavuliwa nguo. Na kwa vile nilikuwa nimeshaanza, nikaenda mpaka mwisho. Nikamwambia na siri ya langoni. "Ukae mwisho wa benchi," nikamwambia. "Utazame lango. Ukiona tu kanzu nyeupe inaingia, simama uamkie. Usingoje wenzako."

"Daktari wenu ana mambo," akasema, akacheka kidogo. Nami nikacheka. Nilipolala nilijiambia kwamba ni mwaka mmoja tu, mwakani atastaafu.

Mjue ujinga wangu ulivyokuwa. Nilimwambia kanzu nyeupe, siku ya Ijumaa, Malindi.

Asubuhi ile kaka alikaa mwisho wa benchi kama tulivyopanga, mgongo umenyooka, macho langoni. Wenzake saba walikuwa wakipiga porojo. Mimi nilikuwa mezani na mafaili. Saa mbili kasorobo mtu aliingia langoni, kanzu nyeupe, kofia, mwendo wa taratibu. Kaka akasimama. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya kusikika na barabarani, "Shikamoo, daktari!"

Alikuwa kondakta wake.

Alikuwa kondakta wa basi lake mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini aliyefanya naye kazi miaka sita, aliyekula naye, aliyegombana naye kila siku ya Mungu juu ya mizigo ya darini. Kaka alikuwa amesahau kitabu cha leseni kwenye basi na yule mwungwana alikuwa amemletea, ameshaoga na kuvaa kwa ajili ya sala. Alisimama katikati ya ua, akatazama nyuma yake kuona anayeamkiwa ni nani. Hakuona mtu. Kisha akafikiri anachezewa, akaitikia kwa madaha, "Marahaba, mwanangu, wajionaje?"

Benchi zima liliangua kicheko. Walipigana mabega, walifuta machozi, mmoja akamwambia kaka kwamba leo amekuja na mzaha mkali. Kaka naye akacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, akakaa, na mikono yake niliiona inatafuta ukingo wa benchi kabla ya kukaa. Nilipoinua macho nikamuona daktari. Alikuwa ameshaingia langoni, amesimama, na hakuwa akicheka. Hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

Kaka alipoitwa chumbani aliisoma karatasi yote. Jicho la kulia, jicho la kushoto, mpaka safu ya chini kabisa ambayo daktari mwenyewe kutoka pale asingeiona bila miwani. Daktari alisema, "Vizuri." Akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akanipa. Kilisema: Nenda langoni usimame na wale kina mama. Usiseme neno.

Nilikwenda. Langoni palikuwa na wanawake wawili waliokuwa wakingoja mgonjwa wao, wamevaa mabuibui, nyuso wazi. Nikasimama katikati yao, na buibui langu, uso wazi. Dirisha la chumba cha daktari lilitazama ua. Nilimuona daktari anamleta kaka dirishani, amemshika kiwiko kama anavyoshikwa mgeni. Nilimuona anamnyooshea kidole upande wetu na kumuuliza. Kaka alijiinamisha mbele. Alinitazama mimi moja kwa moja. Jua lilikuwa nyuma yetu kidogo, si kali. Uso wake niliujua tangu sijajua kusema, na ulikuwa unaniangalia kama unavyoangalia ukuta. Alitazama muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa.

Nilibaki pale langoni, na mmoja wa wale kina mama akaniuliza nina nini, nikamwambia mavumbi.

Kaka alitoka akapita mezani pangu bila kunisemesha. Mkononi alikuwa na bahasha. Daktari alikuwa amemwandikia kwa mkono wake barua ya kwenda kwa daktari wa macho Mombasa, na nyingine ya mwenye basi, kumwomba asimwache mtu huyu bila kazi. Ni mtoto wa jicho, alimweleza, macho yote mawili, hutolewa. Cheti hakumpa.

Kabla ya sala daktari aliniita. "Kaa kitako," akasema. Alikuwa akinawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu.

"Nani aliyemwambia nduguyo kwamba naangalia salamu?"

"Mimi."

"Na herufi?"

"Mimi."

Akafunga bomba. "Njia ya langoni basi tena. Siri ikishatoka mdomo mmoja, kabla ya alasiri watakuwa wanaijua mpaka Magarini." Alijifuta kidole kimoja kimoja. "Umesimama pale, umemuona?"

"Nimemuona."

"Yeye hakukuona wewe, na hakuna mtu amjuaye kama akujuavyo wewe. Wale wa feri, wasiomhusu hata kwa jina, atawaonaje?"

Nililia hapo. Nililia kwa hasira pia, sijui ya nani. Nilimwambia anifukuze, ni haki yake. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikufukuze nimlete nani? Huyo atakayekuja naye atakuwa na kaka." Akachukua kofia yake akaenda msikitini. Jumatatu iliyofuata nilikuta karatasi ya herufi imetolewa ukutani. Kuanzia siku hiyo aliitia kwenye mtoto wa meza, akawa na nyingine tatu tofauti, na hakuna aliyejua atatoa ipi. Gari lake sasa aliliingiza uani, akaliweka kivulini. Salamu za Ijumaa zilianza kumpokea langoni kwa kelele, benchi zima limesimama, hata kwa muuza maji, na yeye alizipokea zote kwa heshima, marahaba, marahaba, kama mtu asiyejua kitu.

Nimewaona watu wengi wenye madaraka tangu wakati huo. Wengi wao wakikukamata na kosa hulitunza, wakalitoa siku wanayokuhitaji. Yeye hakulitaja tena. Hata siku ile niliyokosea cheti cha mtu mwingine kwa uzembe wa kawaida tu, aligomba juu ya kosa hilo, akaishia hapo.

Kaka hakusema nami kwa muda wa miezi minne. Nilimtumia salamu, zikarudi kavu. Nilisikia kwamba alikwenda Mombasa kutibiwa kwa basi lake lile lile, akiwa abiria kiti cha nyuma, na kwamba pale Kilifi alishuka na wengine wakateremka kwa miguu kwenda kwenye feri, kondakta amemshika mkono, na basi nyuma yao likiendeshwa na mtu mwingine. Kondakta mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema kaka aligeuka mara tatu kutazama nyuma, na mara ya tatu akasema, "Yuko karibu mno huyu. Mwambie akae mbali." Basi lilikuwa mbali sana, kondakta akasema. Lakini alikwenda akamwambia dereva asimame mpaka watu wote washapanda.

Alifanyiwa jicho moja, kisha la pili. Basi hakuliendesha tena. Miwani aliyopewa ilikuwa mizito kama vitako vya chupa, ilimwonyesha ya mbele na kumficha ya pembeni, na daktari alimpima upya akamwambia wazi kwamba kwa gari la watu jibu ni hapana. Mwenye basi alimpa kazi ya kusimamia steji, kupanga zamu za magari na kukagua madereva kabla hawajaondoka. Akawa mkali kupita daktari. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku aliyokuja kupimwa upya ilikuwa Ijumaa. Sikujua kwamba anakuja. Nilikuwa nimesimama barazani na rundo la mafaili, nimeinamisha kichwa nikitafuta jina la mtu, na benchi lilikuwa limejaa. Nilisikia porojo imekatika. Nikainua macho nikamuona mtu langoni, amesimama, kanzu nyeupe, na jua linang'aa kwenye vioo viwili vinene.

Mimi ndiye mdogo. Nilipaswa kumwamkia. Kwa aibu ya miezi minne nikarudisha macho kwenye mafaili kana kwamba sikumuona.

"Kwani siku hizi hapa wakubwa hawaamkiwi?" akasema kutoka kule kule langoni, hatua thelathini na mbili. Akanitazama tena, akarekebisha miwani kwa kidole. "Na mbona umekonda hivyo, mdogo wangu? Hamli?"

Nikamwamkia. Mara ya kwanza sauti haikutoka, ikabidi niseme tena.